Ulemavu wa kujifunza: ni nani anayestahili huduma, na ni nani anayeamua?

Wazazi wengi hufika katika afisi za elimu na hospitali za umma wakiwa na swali moja: mtoto amefika Gredi ya 4 au ya 5 na bado hawezi kusoma sentensi fupi, je, anastahili kusaidiwa? Wengine wameambiwa shuleni kwamba mtoto "ni mzito" na atazoea. Wengine wamepanga foleni hospitalini, wakaambiwa mtoto hana ulemavu wa kusajiliwa, wakarudi nyumbani wakiamini kwamba safari imeishia hapo.

Safari haijaisha. Jambo ambalo kila mkazi anapaswa kulifahamu ni kwamba hakuna uamuzi mmoja unaofungua au kufunga huduma zote za ulemavu wa kujifunza. Kuna maamuzi matatu, na kila uamuzi hufanywa na watu tofauti kwa vigezo tofauti. Shule huamua jinsi ya kumsaidia mtoto darasani. Kituo cha tathmini ya kielimu, kinachojulikana kwa ufupi kama EARC, huamua mahitaji ya mtoto kimasomo na mahali panapomfaa kusomea. Hospitali pamoja na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD) huamua iwapo mtu atasajiliwa kama mtu mwenye ulemavu na kupewa kadi. Jibu la "hapana" katika mlango mmoja haliufungi mlango mwingine.

Makala haya yanaeleza kila uamuzi, vigezo vyake, na hatua za kuchukua mtu anapokataliwa.

Ulemavu wa kujifunza ni upi?

Watu hutumia maneno "ulemavu wa kujifunza" wakimaanisha hali mbili zisizofanana, na kuzichanganya huwapoteza wazazi njia.

Hali ya kwanza ni ugumu katika eneo mahususi la masomo. Mtoto ana akili timamu, huzungumza vizuri, hutumwa dukani na kurudi na chenji kamili, lakini herufi hazimkai. Hubadilisha mpangilio wa sauti katika neno, husahau leo alichosoma jana, au huandika bila kufuata mstari. Ugumu wa kusoma wa aina hii huitwa disleksia. Kuna watoto ambao kusoma si tatizo kwao, ila hesabu ndizo zinazowashinda kabisa, na wengine ambao mkono hauandiki kile ambacho akili imekwisha kukipanga. Hali hii haitokani na uvivu wala utundu, na haiponywi kwa dawa. Hupunguzwa kwa kufundishwa kwa njia inayofaa, mapema na kwa uvumilivu.

Hali ya pili ni ulemavu wa kiakili. Hapa mtoto huchelewa katika mambo mengi kwa pamoja: kuzungumza, kuelewa maagizo, kujivalisha, kujilisha, kufahamu hatari, na pia kusoma na kuhesabu. Kiwango hutofautiana. Kuna anayehitaji msaada kidogo tu na baadaye akajitegemea, na kuna anayehitaji kutunzwa mchana na usiku.

Usonji na mtindio wa ubongo ni hali nyingine ambazo zinaweza kuandamana na ugumu wa kujifunza, ingawa si kila mtoto aliye nazo ana ugumu huo. Sera ya taifa kuhusu elimu ya wanafunzi wenye ulemavu, iliyotolewa mwaka wa 2018, inazitambua hali hizi zote. Mtoto mwenye disleksia hawezi kuambiwa kwamba hayumo katika sera kwa sababu tu ulemavu wake hauonekani kwa macho.

Uamuzi wa kwanza: darasani

Uamuzi wa kwanza hufanywa na mwalimu na shule, nao hauhitaji kadi, barua ya daktari wala muhuri wa afisi yoyote. Mwalimu anapoona mwanafunzi amebaki nyuma kwa muda, anaweza kuanza kumsaidia siku hiyo hiyo: kumketisha mbele, kumpa muda zaidi, kumruhusu ajibu kwa mdomo, kumgawia kazi katika vipande vidogo, na kumfundisha sauti za herufi upya bila kumwaibisha mbele ya wenzake.

Kabla ya kufikiria ulemavu, shule na mzazi wanapaswa kuondoa sababu nyingine za kawaida. Mtoto asiyeona ubaoni au asiyesikia vizuri huonekana kama asiyeelewa. Vivyo hivyo mtoto anayekuja shuleni na njaa, aliyekosa masomo kwa miezi kadhaa kwa sababu ya ugonjwa, ukame au kuhama, au aliyepatwa na msiba. Lugha nayo ni sababu kubwa. Mtoto aliyelelewa kwa lugha ya nyumbani, kisha akafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, anaweza kushindwa kujibu jambo analolijua vizuri. Sera ya elimu nchini inasema lugha ya eneo itumike kufundishia katika gredi za chini, na sababu ni hiyo.

Iwapo sababu hizo zimechunguzwa na mtoto bado hasogei baada ya kusaidiwa kwa muhula mmoja hivi, shule inapaswa kumwelekeza kwa tathmini. Mwalimu anaweza kushuku, lakini hawezi yeye peke yake kumpa mtoto jina la ulemavu. Alama za mtihani pekee pia hazitoshi kumhukumu.

Yapo mambo ambayo shule hairuhusiwi kufanya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza kumzuia mwanafunzi kuendelea na wenzake kwa kumlazimisha kurudia darasa, na inakataza adhabu ya viboko na ya kumdhalilisha mtoto. Kumchapa mtoto kwa sababu hajui kusoma hakumfundishi kusoma, na ni kinyume cha sheria.

Uamuzi wa pili: kituo cha tathmini ya kielimu

Vituo vya tathmini ya kielimu vilianza nchini mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark, na leo vipo katika maeneo mengi ya nchi. Husimamiwa chini ya Wizara ya Elimu, na kazi ya kila siku hufanywa na maafisa waliosomea elimu maalum. Mkazi asiyejua kituo kilichoko karibu anaweza kuuliza kwa mwalimu mkuu au katika afisi ya elimu ya kaunti ndogo. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE), iliyoanzishwa mwaka wa 1986 na iliyoko Kasarani jijini Nairobi, pia hufanya tathmini, hasa kwa watoto ambao hali yao ni ngumu kuitambua.

Swali linaloulizwa hapa si "mtoto anaumwa nini?" Swali ni "mtoto huyu anaweza kufanya nini, anakwama wapi, na anahitaji nini ili ajifunze?" Kwa hiyo afisa humhoji mzazi kuhusu ujauzito, kuzaliwa na ukuaji wa mtoto: alikaa lini, alitembea lini, alianza kusema lini, na kama aliwahi kuugua uti wa mgongo, malaria kali ya ubongo au kupata degedege. Hupima kusikia na kuona kwa njia za awali. Humtazama mtoto akicheza, akishika kalamu, akifuata maagizo. Humpa kazi za kusoma, kuandika na kuhesabu kulingana na umri wake. Huangalia pia madaftari na ripoti za shule. Mzazi ana haki ya kuomba mtoto apimwe kwa lugha anayoielewa, kwa kuwa tathmini iliyofanywa kwa lugha ngeni hupima lugha na kuacha uwezo wa mtoto bila kupimwa.

Baada ya hapo kituo huandika ripoti yenye mapendekezo. Mapendekezo ya kawaida ni haya:

Kwanza, mtoto abaki katika shule ya kawaida na mwalimu apewe maelekezo ya kumsaidia. Watoto wengi wenye disleksia na ugumu mwingine mahususi huangukia hapa. Huendelea na mtaala wa kawaida unaofuata umri wao, ila kwa njia zilizorekebishwa.

Pili, mtoto asomee katika kitengo maalum kilicho ndani ya shule ya kawaida, ambako darasa lina wanafunzi wachache na mwalimu wa elimu maalum.

Tatu, mtoto apelekwe katika shule maalum. Pendekezo hili hutolewa mahitaji yanapokuwa makubwa kiasi kwamba shule ya karibu haiwezi kuyatimiza.

Nne, mtoto asiyeweza kufika shuleni afundishwe nyumbani au hospitalini kwa mpango maalum.

Kwa watoto wenye ulemavu wa kiakili au hali nyingine zinazowazuia kufuata gredi za kawaida, mtaala wa umilisi una mkondo wa pili unaofuata hatua. Mtoto huanza hatua ya msingi, akapanda hatua ya kati, kisha matayarisho ya ufundi na hatimaye ufundi. Hapandishwi kwa sababu mwaka umekwisha, bali kwa sababu amepata stadi za hatua aliyopo. Uamuzi wa kumweka mtoto katika mkondo huu ni mzito, kwani hubadilisha aina ya mitihani atakayofanya na mahali atakapofikia. Ndiyo maana haufai kufanywa na mwalimu mmoja bila ripoti ya tathmini, wala bila mzazi kueleweshwa.

Tathmini haifanywi mara moja ikadumu maisha yote. Mtoto hukua. Aliyepelekwa katika kitengo maalum akiwa na miaka 7 anaweza kuwa tayari kurudi darasa la kawaida akiwa na miaka 10. Mzazi anaweza kuomba tathmini ipitiwe upya, hasa mtoto anapokaribia kuhama kutoka shule ya msingi kwenda sekondari ya msingi.

Uamuzi wa tatu: hospitali na kadi ya NCPWD

Uamuzi wa tatu una swali tofauti kabisa. Katiba, katika Kifungu cha 260, inaeleza ulemavu kuwa ni pamoja na upungufu wa kimwili, wa hisi, wa akili, wa kisaikolojia au mwingineo, au hali au ugonjwa, ambao una athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli za kawaida za kila siku, au ambao sehemu kubwa ya jamii huuona kuwa na athari hiyo. Kinachopimwa hospitalini, basi, ni ukubwa na muda wa athari hiyo katika maisha ya kila siku.

Tathmini hii hufanywa na timu ya wataalamu wa afya katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Hospitali nyingi huwa na siku maalum za kuifanya, kwa hiyo ni vyema mkazi aulize kabla ya kulipa nauli. Ripoti ikishaidhinishwa, mtu husajiliwa na NCPWD na kupewa kadi. NCPWD ina afisi katika kaunti zote 47, na usajili wenyewe haulipiwi. Mtu yeyote anayedai pesa ili "kuharakisha kadi" anapaswa kuripotiwa.

Hapa ndipo wazazi wengi wa watoto wenye disleksia hukatishwa tamaa. Mtoto anayetembea, anayezungumza na kujihudumia anaweza kuonekana na timu ya hospitali kuwa hana athari kubwa ya kumfanya asajiliwe. Kwa upande mwingine, mtoto mwenye ulemavu wa kiakili au usonji mara nyingi huwa na athari zinazoonekana wazi zaidi nyumbani na nje ya nyumba. Ripoti ya EARC, barua ya shule na maelezo ya mzazi kuhusu mambo ambayo mtoto hawezi kuyafanya peke yake huisaidia timu kuona picha kamili. Mzazi anayefika mikono mitupu huiacha timu ihukumu kwa kile ilichokiona kwa dakika chache.

Hata hivyo, kukosa kadi hakumwondolei mtoto haki ya kusaidiwa darasani, kutathminiwa na EARC, au kuombewa marekebisho ya mtihani. Haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima iko katika Kifungu cha 53 cha Katiba, nayo ni ya kila mtoto. Shule inayosema "leta kadi kwanza ndipo tumsaidie" imekosea.

Kadi ina faida gani basi? Hutumika kuomba ufadhili wa masomo na vifaa saidizi kupitia hazina inayosimamiwa na NCPWD. Kwa mtu mzima aliye kazini, usajili ni hatua ya kwanza ya kuomba cheti cha Mamlaka ya Ushuru (KRA) cha kutolipa kodi kwa Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Cheti hicho huombwa kando; hakiji chenyewe pamoja na kadi.

Msaada wa pesa wa Inua Jamii nao una kigezo chake. Fedha za watu wenye ulemavu mkali, Sh2,000 kwa mwezi, hukusudiwa familia zinazomtunza mtu anayehitaji kuhudumiwa wakati wote. Kuwa na kadi pekee hakumwingizi mtu katika mpango huo, na mtoto mwenye ugumu wa kusoma tu hawezi kuingizwa. Mpango huu ni wa serikali ya kitaifa kupitia idara ya ulinzi wa jamii, na maelezo hupatikana kwa afisa wa maendeleo ya jamii au kwa chifu.

Marekebisho ya mitihani

Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) huruhusu marekebisho kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, kama vile muda wa ziada na karatasi zilizorekebishwa. Lengo lake ni mtahiniwa apimwe kwa kile anachokijua, bila kuangushwa na ulemavu wake. Hapewi alama za bure.

Maombi hupitia shuleni wakati wa kuwasajili watahiniwa, na huhitaji ripoti ya tathmini. Mzazi anayekumbuka jambo hili wiki mbili kabla ya KPSEA, KJSEA au KCSE amechelewa. Wakati mwafaka wa kuanza ni angalau mwaka mmoja kabla, ili tathmini ifanywe, ripoti iandikwe, na mtoto azoee kufanya mazoezi kwa njia atakayoitumia siku ya mtihani.

Walio na umri mkubwa

Watu wazima wengi waliacha shule wakiitwa wajinga, na hakuna aliyewahi kuwatathmini. Hawajachelewa. Mtu mwenye miaka 18 na zaidi anaweza kwenda mwenyewe hospitalini kwa tathmini ya ulemavu na kusajiliwa na NCPWD akikidhi vigezo. Anaweza pia kujiunga na madarasa ya elimu ya watu wazima.

Vyuo vya mafunzo ya ufundi viko chini ya serikali za kaunti. Kijana aliyeshindwa na maandishi anaweza kuwa fundi hodari wa ushonaji, useremala, upishi au umekanika. Anapojiandikisha, yeye au mzazi wake anafaa kumweleza meneja wa chuo mahitaji yake, aende na ripoti kama anayo, na aulize jinsi atakavyofundishwa na kutahiniwa. Vijana waliomaliza hatua ya ufundi katika shule maalum ni miongoni mwa wale ambao vyuo hivi vinawafaa.

Kazi ya kaunti ni ipi?

Katiba imegawa majukumu kati ya serikali mbili, na mgawanyo huu huwachanganya wengi. Shule za msingi, sekondari, elimu maalum na vituo vya EARC viko chini ya serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, vituo vya kutunzia watoto, pamoja na hospitali, vituo vya afya na zahanati za kaunti.

Maana yake ni kwamba watu wa kwanza kuona dalili mara nyingi ni watumishi wa kaunti. Muuguzi wa kliniki ya watoto huangalia ukuaji kwa kutumia kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ambacho kina hatua za ukuaji zinazotarajiwa kwa kila umri. Wahudumu wa afya ya jamii huingia manyumbani na kuwaona hata watoto ambao hawatolewi nje. Mwalimu wa chekechea hukaa na mtoto mwaka mzima kabla hajafika Gredi ya 1.

Mzazi mwenye wasiwasi hana haja ya kungoja hadi mtoto ashindwe kusoma. Mtoto wa miaka 2 asiyesema neno lolote, wa miaka 3 asiyeelewa agizo rahisi, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, anafaa kupelekwa kliniki bila kuchelewa. Huko anaweza kupimwa masikio na kuelekezwa kwa wataalamu wa usemi au wa kumzoeza shughuli za kila siku kama kula na kuvaa. Katika umri huu mdogo si lazima mtoto apewe jina la ulemavu ili aanze kusaidiwa.

Kumficha mtoto nyumbani kwa kuogopa maneno ya majirani humnyima yote haya, na sheria inakataza kumficha mtu mwenye ulemavu kwa namna inayomkosesha huduma. Ulemavu wa kiakili hauletwi na laana wala kurogwa. Ujirani mwema ni kumsindikiza mama kliniki, si kumnong'onea.

Mtu akikataliwa

Mkazi anaweza kutoridhika na uamuzi: shule imekataa kumpokea mtoto, kituo kimependekeza shule maalum iliyo mbali, au hospitali imesema hakuna ulemavu. Hatua hizi zitamsaidia.

Aombe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi mtu yeyote ambaye haki yake imeathiriwa na hatua ya kiutawala. Sheria ya mwaka wa 2015 kuhusu hatua za haki za kiutawala inaeleza jinsi ya kuitumia haki hiyo. Neno la mdomo langoni halitoshi.

Aombe uamuzi upitiwe upya, akiambatanisha ushahidi mpya: ripoti nyingine, madaftari ya mtoto, barua ya mwalimu au ya mtaalamu wa afya.

Ikiwa ni suala la shule, apande kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti. Ikiwa ni usajili wa ulemavu, aanzie afisi ya NCPWD iliyoko katika kaunti.

Ikishindikana, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala, maarufu kama Ombudsman, kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Tume hizi hazimtozi mlalamishi ada.

Siri ya mtoto

Ripoti ya tathmini ina habari za afya ya mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto. Mwalimu anayemfundisha mtoto anahitaji kujua mapendekezo. Wazazi wengine katika kundi la WhatsApp la darasa hawahitaji. Mzazi abaki na nakala halisi ya kila ripoti na kutoa nakala za kivuli tu.

Mambo ya kubeba siku ya tathmini

• Cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho cha mzazi au mlezi. Asiye na cheti aanze kukitafuta mara moja, lakini hali hiyo isimzuie kuuliza msaada shuleni au kliniki.

• Kijitabu cha kliniki na kadi za hospitali zilizopo.

• Ripoti za shule na madaftari ya miezi ya karibuni, hata kama yamejaa makosa. Makosa hayo ndiyo yanayomwonyesha afisa mahali mtoto anapokwama.

• Barua ya mwalimu inayoeleza alichoona na alichojaribu.

• Orodha fupi ya mambo ambayo mtoto anayaweza na asiyoyaweza nyumbani.

• Picha za pasipoti, kwa wanaokwenda kusajiliwa NCPWD.

Kabla ya kuondoka, mzazi aulize maswali matatu: ripoti itakuwa tayari lini, ni nani atakayeifikisha shuleni, na tathmini itapitiwa upya lini. Aandike majibu pamoja na jina la afisa aliyemhudumia. Majibu hayo matatu ndiyo yatakayomwezesha kufuatilia, na mtoto ataendelea kusaidiwa darasani wakati karatasi bado ziko njiani.